UZI: Ramani ya nyuma ya Biblia haina milima wala upepo. Tumfuate Mtume Paulo upya

Marejeo Ngamani (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu.

Wengi mnaikumbuka ile ramani ya kurasa za mwisho za Biblia. Bahari ya buluu, nchi ya rangi ya maziwa, halafu mistari mitatu minne ya "Safari za Mtume Paulo", mishale imepinda vizuri utadhani aliyeichora alizungushia ukingo wa bakuli. Enzi za darasa la kipaimara nimeitazama sana, hasa mahubiri yakirefuka. Paulo anateleza tu kutoka mji hadi mji kama abiria wa basi la usiku.

Kilichonifungua macho ni mjomba wangu. Mzee Muislamu, baharia wa jahazi tangu ujana, amekwenda Pemba kutoka Tanga mara zisizohesabika. Siku moja alikuwa ameketi barazani anashona tanga, mimi nikamsomea Matendo ya Mitume sura ya 27, ile ya kuvunjikiwa na merikebu. Nilipofika pale wanapopita chini ya kisiwa cha Kauda na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema ilikuwa kazi ngumu kuipata mashua na kuipakia, akanyanyua mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema: "Huyu aliyeandika alikuwemo chomboni. Mtu wa nchi kavu hakumbuki mashua."

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma Matendo na ramani ya setilaiti pembeni. Ninachotaka kuonyesha kwenye uzi huu ni kimoja: mishale ile haikuchorwa na Paulo peke yake. Ilichorwa na ukuta wa mlima, barabara za jeshi la Rumi, na upepo. Ukivijua hivyo vitatu, aya ambazo ulikuwa unaziruka zinaanza kusema.

TUANZE NA UKUTA

Paulo ni mtu wa Tarso ya Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo. Mji uko kwenye tambarare yenye joto karibu na bahari. Ukitazama kaskazini kutoka Tarso unaona milima ya Taurus imesimama, vilele vyake vingine vinapita mita 3,000. Ng'ambo yake ndiko kwenye uwanda wa juu wa Asia Ndogo: Ikonio, Listra, Derbe. Kutoka Tarso kuna mlango mmoja maarufu wa kupenya, korongo linaloitwa Malango ya Kilikia, mita kama 1,000 juu ya bahari. Iskanda Mkuu alipita hapo. Majira ya baridi theluji inaweza kulifunga.

Sasa fungueni Matendo 14. Paulo na Barnaba wako Derbe, mwisho wa safari ya kwanza. Derbe iko mashariki, ndio mji ulio karibu zaidi na nyumbani. Mbele yao kuna Malango ya Kilikia, siku kumi hivi za mguu wako Tarso, na Antiokia ya Shamu haiko mbali tena. Badala yake wanageuka nyuma! Listra, ambako Paulo alipigwa mawe akaburutwa nje ya mji akidhaniwa maiti. Ikonio, ambako walinusurika kupigwa mawe. Antiokia ya Pisidia, ambako walifukuzwa. Kisha wanashuka pwani, Perge, Atalia, ndipo wanapanda chombo. Njia karibu mara mbili kwa urefu, na kila kituo kina watu waliotaka kuwaua.

Luka anasema walirudi kuwatia moyo wanafunzi na kuwawekea wazee. Naamini. Lakini kwenye ramani ya bakuli huoni kwamba mlango wa nyumbani ulikuwa pale mbele, na mtu akaupa mgongo.

Jambo lingine dogo. Safari ya kwanza Luka anapanga: Listra, kisha Derbe. Safari ya pili anapanga: Derbe, kisha Listra. Wala hakukosea. Safari hiyo Paulo na Sila walitoka Shamu na Kilikia kwa nchi kavu, wakatokea upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo Derbe ndiyo inayokuja mwanzo. Na ajabu ni kwamba mahali penyewe pa Derbe palikuwa pamepotea hadi mwaka 1956, lilipopatikana jiwe lenye maandishi yanayoutaja mji huo kwenye kilima cha Kerti Höyük, karibu na Karaman.

---

Kisiki cha Mpingo:

Mkuu umeruka Perge wakati wa kwenda. Pale Yohana Marko alipowaacha akarudi zake Yerusalemu. Alikimbia nini?

Marejeo Ngamani:

Swali zuri, na Luka mwenyewe hasemi. Ila tazama nchi ilivyo. Walitoka Kipro, kisiwa alikozaliwa Barnaba, wakatua Perge katika Pamfilia. Pamfilia ni tambarare ya pwani, joto, mito, vinamasi. Kutoka hapo kwenda Antiokia ya Pisidia ni zaidi ya kilomita 160, na unapanda hadi zaidi ya mita 1,000. Milima ya Pisidia ilijulikana kwa wanyang'anyi. Kaisari Augusto alijenga barabara ya Via Sebaste mwaka 6 kabla ya Kristo makusudi ili askari wafike huko haraka. Vipande vya mawe yake vipo mpaka leo. Paulo anapowaandikia Wakorintho kuhusu "hatari za mito, hatari za wanyang'anyi", wengi wanadhani ni lugha ya kuremba. Kwa mtu aliyepanda njia ile, hiyo ni orodha tu.

Halafu kuna William Ramsay, msomi wa Scotland aliyetembea Asia Ndogo miaka mingi mwishoni mwa karne ya 19. Alipokwenda mara ya kwanza hakuwa akikiamini sana kitabu cha Matendo kama historia. Nchi yenyewe ndiyo iliyombadilisha. Yeye alidai Paulo aliugua malaria pale Pamfilia, ndiyo maana wakaacha pwani wakakimbilia nyanda za juu zenye hewa baridi. Anategemea Wagalatia 4:13, Paulo anaposema aliwahubiria mara ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Ni dhana, msiibebe kama aya ya Biblia. Ila sisi tunaoijua malaria, na tunaojua kwa nini Wajerumani walikimbilia Lushoto, hatuwezi kuicheka.

binti_mshairi:

Mimi hapo kwa Marko namtetea. Kijana amelelewa Yerusalemu, anaonyeshwa mlima wenye majambazi na kiongozi wa msafara anatetemeka homa. Ningerudi pia 😂

---

Marejeo Ngamani:

SIKU MBILI, SIKU TANO

Hapa ndipo nilipoanza kuupenda upepo.

Safari ya pili, Paulo yuko Troa, pwani ya kaskazini-magharibi ya Asia Ndogo. Ameona maono ya mtu wa Makedonia usiku. Matendo 16:11: wakang'oa nanga, wakaenda moja kwa moja hadi Samothrake, na kesho yake Neapoli. Siku mbili. Samothrake ni kisiwa chenye mlima wa mita 1,611 unaochomoza baharini. Nahodha anauona tokea mbali, anaulenga, analala hapo, asubuhi anaendelea.

Miaka kadhaa baadaye wanarudi njia ile ile, sasa kutoka upande wa Filipi kwenda Troa. Matendo 20:6: siku tano.

Bahari ni ile ile, bandari ni zile zile, siku mbili zimekuwa tano. Nilimwuliza mjomba, hata hakufikiri: "Kwenda walipata upepo wa tezi. Kurudi walipiga bisha." Yaani kwenda upepo ulikuwa nyuma ya chombo (tezi), kurudi walipambana nao. Ndivyo ilivyo. Upande ule pepo nyingi hutoka kaskazini-mashariki, na tena kuna mkondo wa maji unaotoka mlango wa bahari wa Dardaneli ukisukuma kuelekea magharibi. Kwenda Makedonia mkondo unakubeba. Kurudi unakutema.

Luka hajisumbui kueleza. Anataja siku tu, kama anavyofanya mtu aliyekuwa akizihesabu. Na angalieni, sehemu hizo mbili zote anaandika "sisi": tuling'oa nanga, tukafika. Mwanzoni mwa sura ya 16 ilikuwa "wao".

Baada tu ya hapo kuna kituko. Matendo 20:13, wenzake wote wanapanda merikebu kutoka Troa kwenda Aso, Paulo anasema mtanikuta huko, anakwenda kwa miguu. Kilomita 30 na kitu, baada ya kukesha usiku kucha akihubiri (usiku ule ule kijana Eutiko alipoanguka dirishani). Merikebu ilipaswa kuzunguka rasi ya Lekto halafu ipambane na upepo kurudi mashariki. Barabara inakata moja kwa moja. Mwenye miguu anaweza kufika mapema au sawa nao. Kwa nini alitaka kutembea peke yake, hajasema. Mimi najiambia alikuwa amechoka watu.

BARABARA

Makedonia ni habari ya Via Egnatia. Barabara ya Warumi kutoka pwani ya Adria, Albania ya leo, ikikata Makedonia hadi Bizantio, zaidi ya kilomita 1,000. Matendo 17:1 inasema wakapita Amfipoli na Apolonia wakafika Thesalonike. Aya moja! Hiyo ni kilomita kama 150, vituo vitatu vya karibu 50 kila kimoja, na inaanzia Filipi, ambako Paulo na Sila walikuwa wamechapwa bakora na kutiwa miguu kwenye mkatale. Mgongo bado mbichi.

Ghasia zilipozuka Thesalonike, hawakuendelea na barabara kuu. Wakachepushwa usiku kwenda Beroya. Cicero, msemaji maarufu wa Rumi, karne moja kabla, aliuita Beroya mji ulio kando ya njia. Kwa lugha yetu, huko ni bondeni, basi haziingii. Ni mahali pa kujificha. Haikusaidia, maadui wakamfuata hadi huko, ikabidi ashushwe baharini apelekwe Athene.

Korintho nitapita haraka maana kila mhubiri anaijua. Shingo ya nchi yenye upana wa kilomita 6 hivi, bandari mbili, Lekayo upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Mabaharia walikuwa tayari kuburuta vyombo vidogo na shehena juu ya nchi kavu kuliko kuzunguka rasi ya Malea kule kusini. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, ameandika msemo wao: ukizunguka Malea, sahau nyumbani kwako. Kwa hiyo kila shehena na kila habari inapita Korintho, na fundi wa mahema kama Paulo hakosi wateja mahali pa wasafiri. Miezi 18 pale haikuwa bahati nasibu.

---

Fundi Saa:

Mkuu naona unafanya kila kitu upepo na barabara. Roho Mtakatifu umemweka wapi? Matendo 16 inasema wazi walikatazwa na Roho kuhubiri jimbo la Asia, wakajaribu kwenda Bithinia wakazuiwa. Siyo mlima uliowazuia.

Marejeo Ngamani:

Mzee wangu sijamwondoa. Luka anaandika vyote viwili kwenye ukurasa mmoja: Roho amezuia, na kesho yake upepo ulikuwa mzuri. Yeye hakuona ugomvi, mimi nani niutafute? Tena ukitaka, hiyo aya ya Bithinia ndiyo inayowafanya wabaki na njia moja tu, kushuka Troa, mahali penye vyombo vya kuvuka Ulaya.

Kisiki cha Mpingo:

Na Efeso? Nilionyeshwa picha, bandari siioni.

Marejeo Ngamani:

Huwezi kuiona, imekuwa shamba. Mto Kaystro umemwaga tope karne na karne, leo bahari iko kilomita 5 na zaidi kutoka magofu. Kuna barabara pana ya mawe inatoka kwenye ule uwanja wa tamthilia, ambako watu walipiga kelele kwa muda wa saa mbili "Artemi wa Waefeso ni mkuu", inakwenda magharibi kwa majivuno kuelekea bandarini, halafu inaishia kwenye majani. Mileto ni hivyo hivyo. Pale ambapo wazee wa Efeso walimwangukia Paulo shingoni wakalia, kisha wakamsindikiza merikebuni, leo huwezi kuelea hata na mtumbwi. Kisiwa cha Lade kilichokuwa mbele ya bandari sasa ni kilima katikati ya mashamba.

---

Marejeo Ngamani:

SURA YA 27

Nimeiacha mwisho maana ndiyo ya mjomba.

Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi na akida Yulio. Wanaondoka Kaisaria kwa merikebu ya Adramitio, chombo cha pwani. Wanapita "chini ya Kipro" kwa sababu pepo ni za mbisho. Ukitazama ramani unashangaa: njia fupi ni kusini ya Kipro, wao wamekwenda kaskazini yake. Lakini kiangazi huko pepo hutoka kaskazini na magharibi, Wagiriki waliziita Etesia. Sisi tuna kaskazi na kusi, kila mmoja na miezi yake; wao kiangazi kizima ni upande mmoja. Kwa hiyo unajificha nyuma ya kisiwa, unashika pwani ya Kilikia ambako mkondo wa maji unakwenda magharibi na usiku upepo wa nchi kavu unakusukuma. Taratibu, lakini unafika Mira.

Mira wanakuta merikebu ya Iskanderia inayokwenda Italia. Tena unashangaa: meli ya Misri inatafuta nini Uturuki? Jibu ni lile lile. Kutoka Rumi kwenda Iskanderia unasukumwa na upepo, wiki mbili tatu. Kurudi, ukiwa umejaa ngano, lazima upande kaskazini kwanza. Watu 276 walikuwamo, kwa hiyo siyo jahazi hilo.

Wanafika Bandari Nzuri, kusini mwa Krete. Saumu imeshapita, yaani Siku ya Upatanisho ya Wayahudi. Wanaoweka safari hii mwaka 59 wanaihesabu Oktoba 5. Vegetius, mwandishi wa mambo ya vita wa Kirumi, anasema baada ya Septemba 14 bahari ni ya mashaka, na Novemba 11 hadi Machi 10 imefungwa. Paulo anawaambia wasiende. Kumbukeni kabla ya siku hiyo alishaandika kwa Wakorintho kwamba amevunjikiwa na merikebu mara tatu na kukaa kutwa na kucha kilindini. Mtu wa ajali tatu anasema simameni, akida anamsikiliza nahodha na mwenye chombo.

Tusimlaumu sana mwenye chombo. Rumi ilikula ngano ya Misri. Kaisari Klaudio, baada ya watu wenye njaa kumzingira sokoni na kumrushia vipande vya mkate, aliwaahidi wafanyabiashara kwamba chombo kikipata hasara kwa tufani za kipupwe atalipa yeye. Klaudio alikuwa ameshakufa, lakini njaa ya Rumi haikufa naye.

Nao hawakutaka kwenda mbali. Walitaka Foinike tu, bandari bora zaidi, chini ya kilomita 80 kwa magharibi. Kusi ikavuma polepole, wakadhani wamepata. Kisha kutoka milima ya Krete, ambayo vilele vyake hupita mita 2,400, ukaporomoka upepo wa kaskazini-mashariki, Eurakilo. Ndipo Kauda, ndipo mashua iliyojaa maji inayovutwa nyuma, ndipo kamba za kukaza chombo kwa chini. Hofu yao ni fungu la Sirti, mchanga wa pwani ya Libya, kusini-magharibi kabisa. Wakipelekwa moja kwa moja na upepo ule, ndiko wanakokwenda.

James Smith, Mskoti mwenye mashua zake za tanga, aliketi na hesabu akazichapisha mwaka 1848. Chombo cha namna ile, kikikingwa upepo kisiende Sirti, huteleza kama maili moja na nusu kwa saa kuelekea magharibi. Kauda mpaka Malta, kisiwa walikovunjikiwa (Luka anakiita Melita), ni maili kama 476. Akagawanya: siku 13 na ushee. Luka alisema usiku wa kumi na nne.

binti_mshairi:

Subiri. Luka anasema walikuwa bahari ya Adria. Adria si ile ya Venice? Kuna watu wanasema ni kisiwa kingine, si Malta.

Marejeo Ngamani:

Wapo, wanakitaja Mljet cha Kroatia. Lakini zamani jina Adria lilifika mbali, mpaka bahari iliyo kati ya Krete na Sisilia. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, naye alizama "katikati ya Adria" akienda Rumi miaka michache baadaye. Walikuwa 600 hivi chomboni, wakaogelea usiku kucha, na wachache waliopona wakaokotwa na merikebu ya Kirene. Meli ya Kirene, Libya, haina safari ya Kroatia. Na upepo wa kaskazini-mashariki haumpeleki mtu kaskazini.

Rudini kwenye usiku ule. Mabaharia wanahisi nchi i karibu. Hawaioni, ni giza. Pengine wamesikia mawimbi yakivunjika. Wanatupa bildi, risasi ya kupimia kina: pima ishirini. Wanasogea kidogo: pima kumi na tano. Smith alilinganisha na vina vya maji karibu na rasi ya Koura, Malta, vikakubaliana. Wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche.

Hapo mjomba aliacha kabisa kushona. "Za tezi," akasema. Kwa kawaida nanga ni ya omo, mbele ya chombo. Ukitupa ya omo usiku ule, upepo ukiwa nyuma, chombo kinageuka chote na hujui kitageukia mwamba gani. Ukitupa za tezi kinabaki kimeelekea pwani, asubuhi unakata kamba unakwenda nacho mbele. Na asubuhi ndivyo walivyofanya, Luka anasema walizitupilia mbali nanga wakazilegeza kamba za sukani.

Fundi Saa:

Nimekuelewa mkuu, na nimeisoma sura upya usiku huu. Waliishiaje?

Marejeo Ngamani:

Miezi mitatu Melita, kisha merikebu nyingine ya Iskanderia iliyopisha baridi hapo hapo kisiwani. Sirakusa, Regio. Regio wakangoja siku moja tu, kusi ikavuma, na kesho yake wako Puteoli, kilomita zaidi ya 300. Kwa mara ya kwanza safari nzima upepo unawapa kitu bure. Kutoka hapo ni barabara ya Apio kwa mguu, ndugu wakaja kuwalaki hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu.

Kisiki cha Mpingo:

Mikahawa Mitatu! Kondakta, shusha hapo.